Haya ya Watu wa Kwemdimu

Rais alianza kuhutubia taifa alasiri, nikiwa nimemshika mteja kichwa kwenye beseni, na kama kawaida yake alihutubia kwa sauti ya marehemu mume wangu.

Msinielewe vibaya. Singano hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu wa kurudi nyumbani na unga kwenye kope, na mara ya mwisho alipopiga kura alikuja akaniambia kamchagua yule mwenye picha nzuri. Lakini tangu serikali ituwekee punje za kusikilizia nyuma ya masikio, Rais hana tena sauti yake. Maneno ni yake, sauti ni ya mtu wako. Mtu gani, mashine ndiyo inayoamua, na haiangalii heshima wala cheo. Inapima mapigo ya moyo wako kwa muda, inajua ni sauti ipi ukiisikia unatulia, kisha inaichukua hiyo hiyo.

"Leo kakujia nani, Bi Zau?" Mwanjaa aliniuliza kutoka kiti cha pili. Mwanjaa ni msusi wangu, mwanamke mzima, mama wa watoto, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Atakuja nani mwingine? Yule yule."

"Mimi bibi. Bibi aliyenilea! Anazungumzia pato la taifa, na marehemu hesabu zake zilikuwa zinaishia kwenye vidole."

Tukacheka. Mama Shufaa, ambaye kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu na povu limemfika kwenye nyusi, alisema yeye anamsikia mtangazaji wa mpira wa zamani, na kwamba mumewe alipogundua hilo alisusa chakula. Mwalimu mmoja aliyekuwa chini ya draya alikataa katakata kusema anamsikia nani. Hakufungua hata macho. Tulimtania mpaka akatabasamu, na hapo tukaacha, maana kuna tabasamu ambalo ukizidi kulichokonoa linageuka kilio.

"Zau," Singano alisema sikioni mwangu, akiivuta ile *u* ya mwisho kama alivyozoea. "Ndugu mwananchi mwenzangu."

Ndivyo mashine ilivyo. Inalijua jina nililoitwa chumbani, halafu inalifunga pamoja na "ndugu mwananchi" bila kuona aibu. Hata hivyo mgongo wangu ulilegea, kama unavyolegea kila mara. Nikawa namwagia Mama Shufaa maji kwa kopo, polepole, nisipoteze neno.

Rais alizungumzia bwawa. Mto Luvumo utazuiwa kwenye mlango wa Bonde la Kwemdimu, maji yatajaa bonde lote, na mji wetu wa Hundeni utapata maji ya bomba usiku na mchana. Wateja walipiga vigelegele. Nami nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nyuma ya saluni yangu kuna madumu yamepangwa hadi dirishani, na kiuno changu kinayajua moja baada ya jingine. Mtu anayeniambia nitafungua bomba na maji yatoke, huyo nitamsikiliza hata angekuja na sauti ya punda.

Kisha akasema: "Kwa namna ya pekee, Zau, nawashukuru ndugu zetu wa Kwemdimu. Tuliwauliza mmoja mmoja kama wako tayari kuyapisha maji. Kila mmoja, bila kulazimishwa, alijibu kwa kinywa chake mwenyewe: haya. Hakuna aliyekataa. Taifa lenye watu wa namna hiyo haliwezi kushindwa."

Kopo likanitoka mkononi.

Singano ni mzaliwa wa Kwemdimu. Amezikwa huko, ubavuni mwa baba yake. Na lile neno, *haya*, lilikuwa limetoka kwa sauti yake likiwa limechangamka, limeinuliwa mwishoni, la mtu anayekubali kwa furaha. Tangu nimjue Singano mpaka namzika, hakuwahi kulitamka hivyo akikubali jambo.

"Bi Zau, povu jamani! Jicho langu!" Mama Shufaa alilia.

Nilimfuta kwa taulo huku nikimwomba radhi. Hotuba ilikuwa imefika mwisho, na kama ilivyo desturi sauti ikamuuliza kila mtu: "Je, umeridhia?" Mwanjaa alijibu, "Haya bibi, haya," huku vidole vyake havijasimama kusuka. Mama Shufaa alisema "Ndiyo!" kana kwamba bao limeingia. Mwalimu alinong'ona kitu, na sidhani kama kilikuwa jibu la swali aliloulizwa.

Mimi nilinyamaza.

"Zau," Singano alisema. "Hujanijibu."

*

Kwa watu wengi jibu ni hesabu tu ya kumfurahisha Rais. Kwangu haikuwa hivyo. Sehemu ya Singano katika shamba la ukoo kule bondeni iko kwa jina langu, pamoja na migomba na makaburi ya wazee wake. Sheria ya kupisha inasema hivi: mwenye haki hata mmoja akikataa kwa neno lililo wazi, kazi inasimama na watu wa bonde wanasikilizwa upya, ana kwa ana, bila mashine. Wenzangu wote walishajibu, na jibu likishatoka halirudi. Nilibaki mimi peke yangu, na nilipewa mpaka Ijumaa jua likizama. Baada ya hapo hata ukimya unahesabiwa kuwa ridhaa.

Mtadhani basi nilikimbilia kukataa. Sikukimbilia kitu.

Sababu ni kwamba sauti ikishakataliwa haitumiki tena. Mashine inaiona kama chombo kilichovunjika, inakitupa na kuchukua kingine. Jirani yangu mmoja, muuza samaki, alikataa tozo ya soko akiulizwa kwa sauti ya baba yake. Kesho yake taarifa ya habari alisomewa na mtu asiyemjua, na hadi leo ukimtajia baba yake anageukia ukutani.

Nami sina Singano mwingine mahali popote. Nilikuwa na simu kuukuu iliyojaa ujumbe wake wa sauti. "Zau, mkanda wa mashine umekatika, leo nalala kwa dada." "Zau, wamekuuliza kama unataka mahindi mabichi." Vitu vya namna hiyo, visivyo na maana yoyote. Nilipoandikishwa nilitakiwa kuipeleka ile simu, wakainyonya sauti yote na kunirudishia ikiwa tupu, kwa sababu sheria haitaki sauti ya mtu ikae mahali pawili. Niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Niliona ni biashara nzuri: nawapa ujumbe wa zamani, wananipa Singano wa kila siku.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Kwa kuwa sikujibu, alikuwa ananijia mara kwa mara. Zamani alikuja kwenye hotuba na matangazo tu, lakini wiki ile alikuja nikifagia, alikuja nikinywa chai, alikuja nikihesabu vibanio. "Zau, nakusubiri." "Zau, umefikiria?" Nilijifanya sijasikia ili arudie, na akarudia. Alipokuwa hai ndivyo nilivyomfanyia pia; angeniita kutoka uani nami nikae kimya, si kwa kiburi, ila kwa sababu napenda kuitwa. Wiki ile niliitwa kuliko mwaka mzima wa mwisho wa ndoa yetu. Nilikuwa na furaha, na ilikuwa furaha ya kijinga.

Lakini hotuba haikuniacha. Niliirudia jikoni nikimenya viazi, na nikawa nabishana nayo.

"Bila kulazimishwa," alisema Singano.

"Nani kakudanganya?" nilimjibu. "Wewe dada yako alilazimishwa nini maishani mwake akakubali?"

"Hakuna aliyekataa."

"Singano, wewe ni mtu wa Kwemdimu. Usiniambie maneno ya namna hiyo."

Maana ukweli ni huu, na yeyote aliyeolewa kule anaujua. Mtu wa Kwemdimu hasemi *hapana* mbele ya mkubwa wake. Mzazi, mjomba, mume, mke anayemheshimu, hao hawaambiwi hapana. Wanaambiwa haya. Kuna haya ya kuondoka safarini, hiyo inapanda juu. Kuna haya ya kukubali, hiyo ni fupi, na mara nyingi inafuatwa na kazi papo hapo. Halafu kuna haya yenyewe, ile inayolazwa chini taratibu kama mtu anayetua mzigo: nimekusikia, sibishani nawe, na sitafanya. Nilipomwambia Singano auze pikipiki yake mbovu kabla haijamuua, alisema haya. Nilipomwambia amwache yule rafiki yake mlevi, alisema haya. Pikipiki ilikufa ya uzee na rafiki ndiye aliyebeba jeneza mbele.

Mwanzoni mwa ndoa nilililia neno hilo. Niliona ni dharau. Baadaye nikaelewa kwamba ni upole wa watu wasiopenda kumwangusha mwenzao uso, na nikaanza kulisikiliza kama unavyosikiliza maji jikoni, unajua kwa mlio tu kama yanachemka au bado.

Sasa Rais kaja na mashine inayojua maneno na haijui mlio. Kwake yeye ndiyo, naam, sawa na haya ni kapu moja. Na hata hilo ningelisamehe. Kilichonikera ni shukrani. Kama angesimama akasema, jamani, mji una kiu, bonde lina watu wachache, tunawahamisha wapende wasipende, ningemlaani lakini ningelala. Ni lugha ya mwenye nguvu, tumeizoea. Lakini yeye hakutaka tu bonde. Alitaka na radhi ya watu wa bonde, akaiokota chini mahali ambapo hawakuiweka, akaishika juu tumpigie makofi. Na ili nisibishe, alimtuma Singano aje kuniambia.

"Zau," Singano alisema. "Umefikiria?"

"Nafikiria," nilisema. "Niulize tena baadaye."

*

Alhamisi mchana alikuja wifi yangu. Mwantumu ni dada mkubwa wa Singano, mwembamba, mwenye hatua ndefu, na alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka stendi kana kwamba Hundeni hakuna ndizi. Hatukuwa tumeonana tangu arobaini. Tulikumbatiana mlangoni mwa saluni mpaka Mwanjaa akaja kuupokea mkungu.

Niliwaachia wenzangu kazi, nikamkalisha chumba cha nyuma, kati ya madumu.

"Wifi, umekonda," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nilizaliwa nimekonda." Alikunywa maji, akaweka bilauri chini kwa uangalifu. "Umesikia wanavyotusema?"

"Nimesikia. Hebu nieleze ilivyokuwa."

"Walikuja vijana wa ofisi, wazuri tu, wana adabu. Wametuletea na soda. Kwetu punje hazishiki, mlima unaziba, basi wakaja na mashine yao kwenye begi. Anaitwa mmoja mmoja, anawekewa sikioni. Mzee Shekaoneka ndiye alikuwa wa kwanza. Akamsikia mama yake."

"Mama yake mzazi?"

"Mama yake mzazi, wifi! Mzee mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi. Mama anamwambia, mwanangu, yapishe maji. Wewe ungemwambiaje mama yako?"

"Haya," nilisema.

"Haya! Kasema haya mama, akarudisha mashine, akaenda zake kupalilia migomba. Na sisi vivyo hivyo. Mimi alikuja baba. Nikamwambia haya baba, nikaenda kupalilia. Bonde zima lilikuwa shambani siku ile. Wale vijana tukawaona wanapeana mikono, wanapigana mabega, tukaulizana, hawa wanashangilia nini na tumewakatalia?"

Nilicheka. Mwantumu naye alicheka, mpaka akashika mbavu, kisha wote wawili tukaacha kwa wakati mmoja.

"Tulijua ni jibu la kutosha," alisema. "Mtu mzima akikuona unapalilia, si anaelewa? Nani anapalilia shamba analoliacha? Tumekuja kushtuka majuzi, tingatinga limefika kwenye kivuko na dereva anatupongeza."

Akanitazama. Nilijua kilichomleta na yeye alijua kwamba najua, lakini alinipa heshima ya kusema kwa mdomo wake.

"Wifi, umebaki wewe. Kama moyo wako utakuruhusu, tukatalie. Sema lile neno lenyewe, lile baya. Sisi hatukulisema."

Nilimweleza kuhusu sauti. Nilimweleza yote: kwamba neno hilo nikilisema, Singano anaondoka na harudi, na kwamba simu ilishafutwa. Nilitarajia aniambie kwamba ni mashine tu, kwamba kaka yake yuko chini ya udongo na udongo huo ndio unaotaka kuzamishwa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo.

Mwantumu alivua viatu, kama mtu anayeingia msikitini. 

"Yumo humo? Kaka yumo humo sasa hivi?"

"Yumo."

"Mimi sijamsikia tangu tulipomzika. Niwashie, wifi. Kidogo tu."

Nina kipaza kidogo cha mezani ambacho huwa nakiunganisha na punje wateja wanapotaka kusikia taarabu. Nilikiweka juu ya dumu, nikaiwasha hotuba tangu mwanzo.

"Zau, ndugu mwananchi mwenzangu," alisema Singano, na wifi yangu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Alisikiliza hotuba nzima ya Rais ameinamisha kichwa. Uzalishaji wa umeme, mabomba, uwekezaji. Mahali fulani katikati, Singano alivuta pumzi kabla ya neno gumu, na Mwantumu akainua kidole. "Hapo," alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anavuta tangu utotoni, alikuwa na pumu. Umemsikia? Ni yeye." Ilipofika sehemu ya Kwemdimu, kaka yake alipomshukuru kwa kukubali nyumba yake izamishwe, hakukunja uso wala kutikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu.

Hotuba iliisha. Tulisikia Mwanjaa akibishana na mteja upande wa pili wa pazia.

"Irudie," Mwantumu alisema.

Niliirudia. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili aliposema tena, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi, wifi. Acha."

"Niache nini?"

"Usikatae. Nyumba watatujengea nyingine, wamesema zina bati zuri. Makaburi wanahamisha, wana utaalamu. Ukimtoa huyu tutampata wapi? Mimi nitakuwa nakuja. Nitakuja kila mwezi, nitaleta ndizi, utaniwashia."

Nilitamani sana kumkubalia. Nawaambieni kweli, maneno yalikuwa matamu kwangu kuliko kitu chochote nilichosikia wiki ile. Mwenye nyumba mwenyewe ananiambia nyumba izame, mimi ni nani nibishe? Ningelala usingizi mzuri, na asubuhi Singano angeniita.

Lakini nilikuwa namtazama usoni. Mwanamke huyu alikuwa amepanda gari alfajiri na mkungu wa ndizi na hoja zake zimenyooka, mtu ambaye baba yake aliyekufa alimuuliza akajibu na kwenda kupalilia. Kaka yake akiwa juu ya dumu alikuwa amemgeuza katika alasiri moja. Uso wake ulikuwa umelegea, umetulia, umekubali kila kitu. Nikajiuliza wangu hukaa vipi, siku zote hizi, nikiwa nimeshika vichwa vya watu.

"Wifi," nilimwambia, "ungeulizwa sasa hivi, ungejibu nini?"

"Ningesema ndiyo," alijibu. Hakusema haya.

*

Ijumaa tulifunga saluni wakati wa sala. Mwanjaa alienda kwake. Mwantumu alirudi kutoka msikitini, akakaa kiti cha wateja mbele ya kioo, mikono mapajani. Hatukuwa tumezungumza tena kuhusu jambo lile, ila asubuhi aliniuliza kama nimelala, nikamwambia sijalala, akasema hata yeye.

Niliweka kipaza mezani kati ya vitana.

"Singano," niliita.

"Naam, Zau."

Mwantumu alishtuka. Hakujua kwamba anaweza kuitika.

"Uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza kama umeridhia bonde liyapishe maji."

"Wewe unataka niridhie?"

"Mimi nataka kilicho bora kwa taifa letu."

Nilicheka, na kicheko kiliniuma. Singano hakuwahi kutaka kitu kwa ajili ya taifa. Singano alitaka chai ya tangawizi, alitaka Luvumo usijae kabla hajavuka, alitaka nimkune mgongo mahali asipofika. Lakini sauti ilikuwa sauti yake, na nilipoanza kucheka ilinyamaza na kunisubiri, kama alivyokuwa akinisubiri yeye.

Niseme nilichokuwa nacho moyoni, kisije kikasemwa na wengine kwa niaba yangu. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa nawaza kwamba nikiondoka hapa nitaenda nyumbani, nitafungua mlango, na hakuna mtu duniani atakayeniita Zau. Wengine huniita Bi Zau, huniita wifi, huniita mama. Zau kavu kavu, mwenye kuniita hivyo alikuwa mmoja. Nilimtaka. Namtaka hata sasa ninapowasimulia. Kama Rais angemtumia Singano kunitangazia mvua na bei ya sukari mpaka nife, ningempigia kura mpaka nife.

"Zau," alisema. "Umeridhia?"

Nilifungua mdomo na ulimi wangu ukatangulia peke yake. Umelelewa vizuri, miaka yote ile ya ndoa umefundishwa neno moja la kumjibia mtu huyu, ukaanza, "Ha—"

Niliuma mdomo. Mwantumu alinitazama kupitia kioo. Maneno yale mawili yanaanza pamoja, na nusu ya pili ndiyo nyumba yake.

"Hapana," nilisema.

Sikuwahi kumwambia hivyo. Lilisikika kubwa mno katika saluni tupu.

Mashine haipokei kukataa mara moja. Lazima uthibitishe, na kabla hujathibitisha mpendwa wako anapewa nafasi ya neno la mwisho. Hilo limeandikwa kwenye sheria kwa jina zuri la kumlinda mwananchi dhidi ya hasira zake. Nilikuwa nalijua, nilishaambiwa na muuza samaki. Hakuniambia aliambiwa nini.

 Kisha Singano alivuta pumzi, ile ya pumu, na alipoanza tena hakuwa mtu wa hotuba kabisa. Alikuwa anaongea chini, kwa uchovu, na kicheko kidogo nyuma yake, kama taa imezimwa na sote wawili tumejilaza.

"Zau wangu," alisema. "Sikiliza. Kuna kitu siku zote nilitaka kukwambia, sikujua nianzie wapi. Wewe unakumbuka kwamba kabla sija—"

"Hapana!" nilipiga kelele. "Nimesema hapana, hapana, siridhii."

 Nje mtu alipita na redio ya mkononi, akapotea.

"Jibu lako limepokelewa, Bi Zaujia," kilisema kipaza. Ilikuwa sauti ya kijana, safi, yenye adabu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kumpenda yeyote katika mji huu. "Shauri la Bonde la Kwemdimu limesimamishwa na wananchi watasikilizwa upya. Tunakutakia alasiri njema."

Nilizima kipaza. Nikaishika meza.

Mwantumu hakusema asante. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, amekishika kipaza kwa mikono yote miwili, anakitikisa taratibu karibu na sikio lake. Alikitikisa tena. Kisha akakiweka chini, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyeibiwa.

"Wifi," alisema. "Ungemwacha amalize."

"Angemaliza," nilimjibu, "ningesema ndiyo."